"Kijana, mimi na wewe tuna utani?": uchambuzi wa usiku mmoja wa vichekesho Sinza

Kisa hiki ni cha Sinza, Dar es Salaam, uani kwa baa moja isiyo mbali na kwa Remmy, Alhamisi usiku, kwenye onyesho la vichekesho ambalo kiingilio chake kilikuwa shilingi 5,000. Mchekeshaji kijana alimtania mzee aliyekaa mbele na mkewe. Utani wa kwanza watu wakacheka, mzee naye akacheka. Wa pili wakacheka wachache. Wa tatu mzee akasimama, akauliza swali moja, na ua mzima ukanyamaza hadi tukasikia mafuta ya chipsi yakichemka jikoni. Haikupita robo saa, mzee yuleyule alikuwa na maiki mkononi, anachekesha kuliko nusu ya wasanii waliopewa nauli waje kuchekesha.

Tangu siku ile nimelisikia tukio hili likisimuliwa kwa namna mbili. Kuna wanaosema mzee alikuwa na hasira za bure, akabembelezwa, akatulia. Kuna wanaosema kijana hajakomaa, basi. Mimi nilikuwepo, nimekaa karibu na kaunta, jukwaa naliona na watu nawaona, na baadaye nilizungumza na mwandaaji, na kijana, na mzee mwenyewe. Maelezo yote mawili hayanitoshi. Kama ni hasira, mbona mara ya kwanza mzee alicheka? Kama ni ukomavu, mbona aliyeliokoa onyesho alisema maneno makali kuliko ya kijana, akamsema mzee huyohuyo mbele ya mke huyohuyo, na hakuna aliyekunja uso?

Kwanza hesabu, kwa sababu zina mkono wake katika kisa. Mwandaaji alinifungulia daftari bila kificho, maana hakuna cha kuficha. Uani kulikuwa na watu sitini na kitu. Waliolipa ni 38. Wengine walikuwa marafiki wa wasanii, wahudumu waliomaliza zamu, na wale jamaa wa mlangoni ambao kila onyesho la Dar linao, hujui nani kawaalika lakini majina ya wenyeji wote wanayajua. Zikapatikana shilingi 190,000. Kukodi spika mbili, maiki mbili na fundi wake, 80,000. Wasanii tisa kila mmoja nauli ya elfu kumi, 90,000. Zikabaki 20,000. Ua ni wa bure kwa sababu mwenye baa anauza bia na mishkaki. Tangazo lilipita kwenye status za WhatsApp. Jukwaa lilikuwa kreti za bia zilizopangwa, zikafunikwa mbao na zulia la mtu. Feni ilikuwa moja, nayo ilikuwa mbele.

Hiyo feni ishike.

Ratiba ilikuwa mchanganyiko usio na mpango ninaouona mimi, na ndio uzuri wake. Tangazo lilisema saa moja, tukaanza saa mbili na nusu. MC alifungua kwa kuuliza Yanga wako wapi na Simba wako wapi, jambo ambalo kila MC wa mji huu hufanya anapokosa la kusema, na bado linafanya kazi. Akaja mtu wa mazingaombwe na vitambaa vyake. Kimoja kilichungulia kwenye mkono wa shati kabla ya wakati, akakirudisha ndani na kusema "subiri, hujaitwa", na hicho ndicho kikawa kichekesho kikubwa cha zamu yake. Wakaja mabinti wawili wa sarakasi ambao kwa ufinyu wa jukwaa ilibidi mmoja wao apinduke akiwa nusu ndani ya jiko. Akaja kijana wa singeli kutoka Manzese, dakika nne, kasi ya kutosha kumuamsha marehemu.

Halafu akaja mtu ninayemkumbuka kuliko wote, mtu mzima wa miaka kama arobaini, kazi yake ni kuigiza makonda wa daladala. Hakutumia maiki. Aliita Mbagala Rangi Tatu kwa sauti ya konda wa asubuhi mwenye kikohozi, akaita Gongo la Mboto kwa sauti ya konda wa jioni aliyekwishashiba hela, akaita Tegeta Nyuki kama mtu anayenong'oneza siri, halafu akaigiza gari la mwendokasi linavyofunga mlango huku mtu amebanwa begi lake. Watu waliokuwa wamejitenga nyuma walisogea wenyewe. Sikumwona akimgusa mtazamaji hata mmoja. Alijicheka yeye, konda, na abiria wa kubuni. Nitamrudia.

Ratiba ya namna hii mtu wa umri wa kuanzia miaka hamsini haimshangazi. Ndivyo vikundi vikubwa vya sanaa vilivyokuwa vikipiga kazi kwenye mabaa na kumbi za mji huu miaka ya 1980 na 1990: Muungano, Mandela, na baadaye TOT (Tanzania One Theatre) ya Kapteni John Komba. Jioni moja unapata ngoma, sarakasi, mchezo wa kuigiza, kichekesho, halafu taarabu ya kurushiana vijembe, Khadija Kopa upande huu na Nasma Khamis upande ule, na watu wanapanda kutunza hadi msanii anakosa pa kuweka noti. Kichekesho cha enzi hizo kilikuwa na sura yake. Mchekeshaji alivaa suruali yenye viraka, akaweka mto tumboni, akajipaka uso, na aliyeonekana mjinga ni yeye mwenyewe. Redioni ikawa hivyohivyo, kina Pwagu na Pwaguzi wa Redio Tanzania walidanganyana na kuumbuana wao kwa wao. Televisheni nayo haikuondoka hapo. Ze Comedy, walipoanza EATV na walipohamia TBC1 kwa jina la Orijino Komedi, waliigiza watu: Joti alikuwa mtoto, bibi, mke wa mtu. Mtazamaji alikuwa salama kwenye kiti chake.

Stendapu imebadilisha mpangilio huo. Mtu mmoja, maiki moja, hana mto tumboni, hana mwenzake wa kumuumbua. Majukwaa kama Cheka Tu yamewazoesha watu wa Dar mtindo huo, na wengi wanaoufanya wanaufanya vizuri kwa kusimulia maisha yao, mama zao, wenye nyumba wao. Lakini ndani yake kuna tawi moja ambalo vijana wamelipenda kupitia simu: kumshika mtazamaji wa mbele na kumsema. Hapo mjinga wa hadithi amehama jukwaani, ameenda kwa mtu aliyelipa 5,000.

Sasa feni. Anayekwenda kwenye vichekesho mji huu anajua kwamba kukaa mbele ni kujitakia. Kwa hiyo viti vya plastiki vya mbele hubaki vitupu, watu wanarundikana ukutani na karibu na njia ya kutokea. Usiku ule meza za mbele zilikuwa na watu wawili tu, mzee na mkewe. Mzee ana umri wa miaka hamsini na kitu, shati la mikono mifupi lililopigwa pasi vizuri, kalamu mfukoni. Baadaye aliniambia kwa nini walikaa pale: mkewe hawezi joto, na feni ilikuwa mbele. Hajawahi kwenda kwenye vichekesho vya namna ile. Walikuja kwa sababu mtoto wa dada yake ni mmoja wa mabinti wa sarakasi. Watu wote uani walimwona kama mtu aliyejitolea. Kijana naye akamwona hivyo.

Kijana akapanda. Ana miaka ishirini na michache, mwepesi wa ulimi, na nasema hili bila kejeli: ana kipaji. Rafiki yake alikuwa amesimama pembeni ameinua simu, anarekodi.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, hiyo soda unakunywa au umeiweka rehani? Toka nimeingia haijashuka."

Ua ulilipuka. Mzee akacheka, akainua chupa, akaitazama kwenye taa kama anayehakikisha, na hilo likazidisha kicheko. Mpaka hapo mambo ni mazuri. Ukitaka kujua mchekeshaji mwenye uzoefu angefanya nini, hapo ndipo angemshukuru mzee na kuondoka zake kwenda kwingine.

Kijana akaongeza. Akamgeukia mke. "Mama, pole sana. Mwanaume anayekunywa soda hivi, nyumbani chumvi si anakupimia?" Nyuma wakacheka, ila katikati watu wakaanza kutazamana. Mama alitazama mkoba wake. Kijana hakumwona, au alimwona akadhani ni aibu ya kawaida ya kamera. Akamrudia mzee: "Na hilo shati, mzee, ni la kwako au ni la marehemu? Maana kola imeshaona marais watano."

Mzee akasimama. Hakupaza sauti, na hakuwa na maiki, kwa hiyo wa nyuma ilibidi wanyamaze ili wamsikie.

"Kijana, mimi na wewe tuna utani?"

Kijana akajibu kitu kibaya kuliko vyote ambavyo angeweza kujibu. Alisema: "Ni komedi tu, mzee."

MC akamwashiria fundi apige muziki. Baunsa, ambaye usiku ule alikuwa mchoma mishkaki aliyevua aproni, akaanza kusogea bila kujua anamsogelea nani. Mama akainuka. Hapo ndipo mzee mwingine, mchekeshaji wa mtindo wa zamani aliyepangwa mwisho, akapanda jukwaani bila kuitwa, mto wake tumboni umekaa upande. Akachukua maiki mkononi mwa kijana kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu, akashuka chini hadi kwenye meza.

"Kaka yangu, samahani. Huyu mtoto hana kwao. Wewe kwenu wapi?"

Mzee akakaa kimya kidogo. "Same."

"Mpare!" Akageukia watu. "Jamani, kumbe mtoto alikosea tangu mwanzo. Mpare kununua soda mwenyewe, siku ya kazi, hiyo ni sherehe! Mlitakiwa mumpigie makofi. Mimi Mchaga wa Machame, mtani wake, nimemjua miaka yote, sijawahi kuona hata kizibo chake." Akamwelekezea maiki.

Ule ndio wakati ninaotaka kuupima vizuri. Mzee alikuwa bado amesimama. Aliitazama maiki, akaishika.

"Kabla hujaendelea," akasema, "mimi nimelipa elfu tano mlangoni. Wewe Mchaga umelipa, au umemuuzia mlinzi tiketi ya jana?"

Kilichofuata siwezi kukiandika neno kwa neno kwa sababu watu walikuwa wanapiga meza. Mtani alidai faini kwa sababu Mpare kamtukana mgeni. Mpare akasema yuko tayari kwenda mahakamani, ana ng'ombe wa kuuza. (Asiyejua: Mpare, kwa watani wake, ni mtu anayeuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku.) Mwisho mzee akaingiza mkono mfukoni, akatoa noti ya elfu moja, akambandika mtani wake kwenye paji la uso kama watu wanavyotunza kwenye taarabu, ua ukapiga vigelegele. Halafu akabaki amesimama palepale, mkono umenyooshwa.

"Unasubiri nini tena?"

"Chenji."

Nimeona vichekesho vingi vyenye taa na moshi. Hicho ndicho nilichocheka zaidi mwaka huu.

Sasa turudi kwenye swali. Kwa uzito wa maneno, kumwita mtu bahili kwa kabila lake zima ni zaidi ya kumwambia soda haishuki. Mtani alimsema mzee, nyumba yake na kwao kote. Kwa nini lilipokelewa?

Jibu la haraka ni kwamba utani una kanuni zake na kila Mtanzania anazijua hata kama hakuzisoma. Wapare na Wachaga ni watani kwa ujirani. Wahehe na Wangoni ni watani kwa sababu babu zao walipigana vita karne ya 19 wakachoka. Wazaramo na Wanyamwezi walikutana kwenye njia za misafara ya kuja pwani. Mwingereza mmoja, R. E. Moreau, aliyekuwa Amani kule Usambara na ambaye hasa alikuwa mtaalamu wa ndege, aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1944. Inaonekana ndege hawakumtosha. Mtani anaweza kuja msibani akamwigiza marehemu anavyotembea, akazuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote, na mfiwa haruhusiwi kununa. Kibali hicho hakitoki kwa mchekeshaji. Kipo kabla yake.

Ila jibu hilo halimalizi, kwa sababu utani wa kabila haukuwa njia pekee iliyokuwa wazi kwa kijana. Alianza na shikamoo, akajibiwa "mwanangu". Salamu ile, ambayo yeye aliichukua kama adabu ya kufungulia, ilimpa nafasi: akawa mtoto, na yule akawa baba. Mtoto na baba hawana utani. Mtoto anaweza kumcheka baba kidogo mbele ya watu, hasa baba akikubali, na ndivyo soda ilivyopita. Kuingia jikoni kwa mama na kuhesabu chumvi ni habari nyingine. Laiti angemwita babu, kwa mzaha, angekuwa mjukuu, na mjukuu wa kiume kwetu ana kibali kipana: anamwita bibi "mke wangu" mbele ya babu na babu anatakiwa kucheka. Hebu fikiria kijana angemgeukia yule mama na kusema, "Mke wangu, huyu mzee anakubania, njoo kwangu unywe soda mbili." Neno ni lilelile la ubahili, ila mama angepata pa kuliweka. Najua, mtu wa miaka hamsini na tano si ajabu akachukia kuitwa babu. Hapo kuna hatari yake. Lakini ni hatari ndani ya mchezo.

Na kuna maiki. Hili kwangu ndilo kubwa kuliko kabila na kuliko umri. Kijana alikuwa na sauti ya spika mbili, mzee hakuwa na kitu. Utani wa aina yoyote, wa kabila, wa shemeji, wa Simba na Yanga ambao umeanza na klabu zenyewe miaka ya 1935 na 1936, unasimama kwenye kurudishiwa. Unanisema, nakusema. Mtani wa Machame alipomaliza sentensi yake ya kwanza, alichofanya ni kumpa mtani wake maiki. Alijiweka mwenyewe kwenye hatari ya kuumbuliwa, na akaumbuliwa, na mto tumboni ukawa unamsubiri kwa kazi hiyo. Mzee hakubembelezwa. Alipewa zamu.

Kwa maana hiyo simkubalii anayesema mtindo wa zamani ni bora kwa sababu una heshima. Mtani wa Machame hakuwa na heshima hata kidogo. Na baada ya kuokoa jahazi alikaa jukwaani muda mrefu kupita kiasi, akaingia kwenye vichekesho vya wake wawili ambavyo nimevisikia tangu redio za mbao, na nusu ya watu wakaanza kuangalia saa za daladala. Utani wa kabila nao una mwisho wake. Nyuma yangu kulikuwa na kundi la wanafunzi wa chuo, wamezaliwa na kukulia mjini. Mmoja alimuuliza mwenzake Mpare anafanyaga nini. Walicheka kwenye chenji, kwa sababu chenji inajieleza yenyewe. Mbele ya watu wa namna hiyo kuita makabila ni uvivu, na wakati mwingine ni zaidi ya uvivu, maana kuna kabila likitajwa bila mtani kuwepo linabaki tusi tupu.

Ndiyo maana namrudia yule wa makonda. Yeye aliwapata wote, wanafunzi na wazee, bila kuomba kibali cha mtu, kwa sababu daladala ni ya kila mtu aliyebanwa ndani yake. Kama mwandaaji angeniuliza, huyo ndiye ningempanga mara tu kabla ya kijana, awasogeze watu mbele, ili mzee na mkewe wasiwe kisiwa. Mtazamaji mmoja akiwa amezungukwa na wenzake, utani unagawanyika. Akiwa peke yake chini ya feni, unamwangukia wote.

Nilimpata kijana nje akisubiri bodaboda. Nilitegemea ama ajitetee ama ajute. Hakufanya lolote kati ya hayo, alinipigia hesabu. "Kaka, mle ndani kuna watu sitini. Video ikitoka vizuri inaangaliwa na watu ambao hata huwezi kuwaweka uwanjani." Elfu kumi ya nauli ni ya kwenda na kurudi na chipsi. Fedha yake inatoka kwingine: harusi, sendofu, kicheni pati, ambako mchekeshaji mwenye jina huitwa kuwa MC na hulipwa kwa usiku mmoja kiasi ambacho ua wa Sinza hauwezi kutoa kwa miezi. Wanaompa kazi hizo wanamwona kwenye simu. Kwa hiyo alipokuwa anasema na mzee hakuwa anasema na mzee. Alikuwa anasema na simu iliyoinuliwa pembeni, na simu hupenda mtu aliyeaibishwa, uso wake ukionekana vizuri, mbele, penye mwanga.

Nilimuuliza kama rafiki yake alirekodi yale ya chenji. Hakurekodi. Mzee aliposimama, rafiki aliogopa ugomvi, akazima.

Hapa ndipo naona shina la kisa. Onyesho lile lilikuwa na watazamaji wa aina mbili ambao maslahi yao hayafanani. Waliokaa uani walitaka kuondoka wote wakiwa wamecheka, kwa sababu wamekaa pamoja na watapanda daladala pamoja. Wa kwenye simu hawamjui mzee, hawajali akirudi nyumbani vipi. Mchekeshaji wa ukumbi mkubwa anaweza kuwahudumia wote wawili, kwa kuwa ana taa, ana umbali, na mtu wa mbele amelipia kiti cha mbele akijua anachokifuata. Ua wa watu sitini hauna umbali huo. Mtu anamwona jirani yake wa mtaa. Mzee alikuwa mjomba wa binti aliyepinduka jikoni saa moja kabla.

Mzee mwenyewe nilimkuta wiki iliyofuata dukani kwake, anauza vifaa vya umeme. Hana kinyongo na kijana. Alisema kwamba shati lilikuwa jipya, na kwamba lililomsimamisha halikuwa shati. "Alimgusa mama mara moja, nikanyamaza. Nikajua akimaliza na mimi atamrudia." Nilimuuliza kama ataenda tena. Akasema kwa elfu tano, hapana, lakini wakimwita kama msanii atafikiria nauli.

Mwandaaji amebadilisha mambo mawili. Feni imehamishiwa katikati. Na kuna maiki ya pili inayokaa chini, mikononi mwa MC, ili anayetaniwa akitaka kujibu ajibu. Fundi analalamika kwamba inapiga kelele ikikaribia spika, na ni kweli inapiga.

La tatu limemshinda. Mlangoni usiku ule alikuwa akimuuliza kila anayelipa ameliona tangazo kwa nani. Kati ya wale 38, 16 walimtaja kijana. Wa makonda alitajwa na wawili. Mtani wa Machame hakutajwa na mtu. Kijana analijua hilo, na ametuma ujumbe kwamba onyesho lijalo nauli yake iwe elfu thelathini badala ya kumi. Ongezeko hilo ni elfu ishirini, yaani zile zote zilizobaki.